Kilima cha Kutazamia Lori

Nyuma ya kijiji chetu, karibu na pale barabara inapoanza kuteremkia Muze, kuna kilima ambacho hakuna mgeni aliyewahi kuomba apelekwe. Ni mawe, nyasi zinazochana miguu, na upepo. Desemba ile nilikipanda karibu kila siku nikimfuata baba, na nilikichukia.

Baba alikuwa ameyapanga mahindi yetu kando ya barabara, gunia juu ya gunia, kama alivyozoea: unapanga, unasubiri zamu yako, lori la ushirika linakuja. Safari hii walitangulia wafanyabiashara binafsi, akawafukuza. Aliwaita walanguzi. Soko huria lilikuwa limetangazwa redioni, lakini yeye aliona hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Na mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, msichana pekee kijijini. Ada, sare, godoro, vyote vilikuwa ndani ya magunia yale.

Siku moja, tukiwa katikati ya kilima, nikashindwa kunyamaza.

"Baba, tukaazime turubai kwa jirani."

"La nini, mama? Ushirika haujawahi kutuacha."

"Mwaka huu umetuacha."

Aliongeza mwendo huku akihema, nami nikaona aibu na hasira kwa pamoja.

Juu, barabara ya Sumbawanga ilikuwa tupu mpaka macho yalipokomea. Upande wa pili, kutoka Ziwa Rukwa, mvua ilikuwa inapanda. Ilikuwa imechelewa sana mwaka huo, sasa ikaja yote. Tuliitazama ikivuka mashamba, watu wakikimbia kuanua vitu vyao, mpaka ikafika kwenye magunia yetu. Nikataka kukimbia. Baba akanishika mkono.

"Utavunjika mguu bure. Tushuke taratibu."

Mahindi yaliota ndani ya magunia. Hakuna mfanyabiashara aliyeyataka tena, kwa hiyo mama aliyaanika yakawa kimea, akapika pombe. Majirani walijaa uani, wakasema hajawahi kupika nzuri kama ile. Baba alikaa ndani. Mimi ndiye niliyewagawia. Mwalimu wangu wa darasa la saba naye alikuja, akanywa, akafuta midomo na kuniuliza kwa furaha ninaondoka lini.

Nikamjazia tena.