Siku Ilham Alipotunzwa Jukwaani

Mpiga viola ni mtu ambaye akikosea hakuna anayejua, na akipatia vilevile hakuna anayejua. Fidla zinalia juu, chelo zinanguruma chini, na pale katikati kuna kundi la watu wamekumbatia kitu kama fidla iliyokula ikashiba, wanasugua. Muulize mtu anayetoka ukumbini viola zilikuwaje leo. Atakuuliza viola ni nani.

Ilham binti Gharib aliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyohiyo. Hapendi kutazamwa. Lakini Jumapili ile, mchana kweupe, alikuwa amekaa kiti cha mbele ukingoni kabisa mwa jukwaa, mbele ya ukumbi mkubwa uliojaa watu wa Guangzhou, akijua kwamba baada ya mapumziko kuna mahali okestra nzima itanyamaza, viola moja ipige peke yake, na viola hiyo ni yake. Mpigo huo ndio ungeamua kama atapata kiti cha kudumu au atarudi soko la nguo la Shahe kumsaidia baba yake kufunga marobota ya nguo. Na safu chache tu kutoka jukwaani alikaa shangazi yake, Bi Sihaba, kijora cha rangi ya chungwa, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba noti mpya zisizokunjwa.

Ule mkoba ulimtisha kuliko mpigo wenyewe.

Baba yake, Mzee Gharib, kabla hajawa mfanyabiashara wa magauni alikuwa mpiga fidla wa klabu moja ya taarabu Unguja. Ilham alikua chini ya kiti chake. Pale alijifunza mambo mawili. La kwanza, noti ya muziki haiendewi moja kwa moja; unaanzia chini yake, unapanda taratibu, unaifikia kama mtu anayenyanyua pazia achungulie wageni. La pili, kutunzwa. Mtu akikunwa na muziki anainuka na pesa yake, anakuja akicheza polepole ukumbi mzima umwone, anakuwekea. Na anayetunzwa ana adabu zake: hasimami, hacheki, haitazami pesa, anapiga kana kwamba inzi kapita. Onyesho likiisha, pesa zote zinaingia kwenye bakuli moja, zinagawiwa kundi zima.

Bi Sihaba alikuwa bingwa wa kutunza. Kuna waimbaji wa Unguja wanaomjua kwa mwendo, hata taa zikizimwa.

Ilham alifika Guangzhou akiwa binti wa shule, baba yake alipoanza kupeleka magauni nyumbani kwa kontena. Mchana alibeba mizigo Shahe na kuwaita wauzaji laoban, yaani bosi, hata wale wenye meza moja na feni mbovu. Jioni alifanya mazoezi kwenye nyumba yao ya kupanga Sanyuanli, blanketi limeziba mlango. Jirani yao Bonaventure, Mkongo wa Lubumbashi mwenye kununua jinzi Xintang, aligonga ukuta wiki nzima, mwishowe akaja mwenyewe.

"Mademoiselle, pole na kazi. Huu wimbo unaisha siku gani?"

"Si wimbo, kaka. Ni ngazi. Nanyosha vidole."

"Basi mimi nimeshapanda ngazi hiyo hadi ghorofa ya mia. Nishushe."

Ilham akaingia chuo cha muziki mjini humo na fidla yake. Mwalimu wa kwanza aliyemsikiliza alimpima mkono kama fundi anayepima suruali, akasema: mkono mrefu, vidole virefu, fidla wako wengi, chukua viola. Habari ikaishia hapo. Miaka ya chuo ikapita akijifunza upya kusoma noti, maana viola ina maandishi yake ambayo hata wapiga fidla wakiyaona wanakuna kichwa, na akijifunza kazi kubwa kuliko zote, kusikika kama mtu mmoja na watu wengine wote wa safu.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta kazi. Kwenye usaili wa okestra unapiga nyuma ya pazia ili majaji wasikuone. Hujui wako wangapi na wao hawajui kama wewe ni Mchina, Mzanzibari au jini. Sakafuni kuna zulia ili kiatu kisikutaje. Huruhusiwi kusema, na ukitaka kukohoa, meza. Ilham alitoka nyuma ya mapazia ya miji kadhaa bila kitu. Mara moja hakumaliza hata ukurasa, ikasikika sauti ya mtu aliyechoka: "Asante." Hakuna neno baya kama hilo kwenye kazi hii.

Pazia la hapa Guangzhou ndilo lililomkubali, lakini kumkubali kwenyewe ni kwa majaribio. Unakaa na safu msimu mzima, unapiga nao, halafu siku ya mwisho wanapiga kura. Kibali chake cha kuishi kilining'inia kwenye mkataba huo huo wa majaribio. Na kiti kilichokuwa wazi hakikuwa cha nyuma anapoweza kujificha, bali cha pili, ubavuni kwa kiongozi wa safu.

Kiongozi huyo ni Mwalimu Liang. Uso wake haukusogea tangu msimu uanze. Siku ya kwanza alisimamisha upinde wake hewani.

"Hiyo nini?"

"Ipi, mwalimu?"

"Umeteleza. Umeingia kwenye noti kutoka chini."

"Samahani, mwalimu. Ni mazoea ya nyumbani."

"Bu yao," akasema. Sitaki. Neno ambalo Ilham alilijua vizuri kutoka Shahe, mnunuzi anaposukuma kitambaa pembeni kwa kidole kimoja. "Noti ina mlango. Fungua, ingia. Usipande ukuta."

Msimu mzima Ilham alifungua mlango. Alifungua hadi ndotoni. Ikafika wiki ya mwisho ametulia, haparamii ukuta tena, na Mwalimu Liang akatangaza kwamba Jumapili watabadilishana nafasi: Ilham atakaa ukingoni na kupiga ule mpigo wa peke yake, yeye atakaa upande wa ndani na kumgeuzia karatasi, maana ndivyo ilivyo, wa ndani ndiye anayegeuza. Kura itapigwa watu wakishatoka ukumbini.

Ijumaa simu ikalia.

"Mwana wa kaka'ngu! Mie niko uwanja wa ndege. Baba'ako kanambia Jumapili unapiga."

"Shangazi, karibu. Lakini, shangazi, huku hawatunzi."

"Hawatunzi kwa nini? Hawana mikono?"

"Wanakaa kimya. Ukikohoa tu wanakutazama."

"Huo msiba au muziki?"

"Shangazi, niapie."

"Haya, sitatunza. Mie mtu mzima, nikiambiwa nasikia."

Ilham hakuliamini hata neno moja. Akamshika baba yake pembeni.

"Baba, wewe kaa naye ubavuni. Ukimwona anashika mkoba, mshike mkono."

"Nitamshika," akasema Mzee Gharib. "Nimemshika tangu mdogo."

Basi tumefika hapo ukumbini, baada ya mapumziko. Ilham alichungulia kwa jicho la pembeni. Baba yupo. Kijora kipo. Mkoba umefungwa. Vijana wa ukumbini wamesimama ukutani na taa zao za leza, maana kule ukitoa simu wakati wa muziki hakuna anayekuja kukugombeza. Wanakumulika doa jekundu mpaka uone haya. Muziki ukapungua, fidla zikanyamaza, chelo zikanyamaza. Kiongozi wa okestra akamgeukia Ilham na kunyanyua kidole kidogo.

Akaanza.

Noti ya kwanza safi. Ya pili safi. Mlango, fungua, ingia. Alikuwa anasikia pumzi ya Mwalimu Liang ikitoka puani kwa utulivu. Halafu pembeni ya jicho rangi ya chungwa ikainuka.

Bi Sihaba alikuwa amesimama. Doa jekundu likamtua kifuani, kisha mawili, kisha matatu, vijana wote wanamlenga yeye. Mtu mwingine angekaa. Bi Sihaba alijitazama, akaona taa zinamchezea kwenye kijora, akafurahi. Baadaye aliapa kwamba alidhani wamemuwekea taa kwa heshima. Akanyanyua mkono, noti ya yuani mia imeshikwa kwa vidole viwili, akaingia kwenye njia kati ya viti, anakuja. Anakuja kwa mwendo ule wa kwao, bega moja, bega la pili, hana haraka, ukumbi mzima umwone. Na ukumbi ulimwona.

Mwisho wa ukurasa ulikuwa unakaribia. Alisubiri mkono wa Mwalimu Liang. Mkono haukuja. Mwalimu Liang, mtu ambaye uso wake haukusogea msimu mzima, alikuwa ameacha mdomo wazi anamtazama mwanamke mwenye doa jekundu kwenye kila ziwa anayekuja akicheza kuelekea kwenye safu yake.

Noti ya mwisho ya ukurasa ikaisha, na karatasi bado iko palepale.

Kilichomwokoa Ilham hakikuwa chuo. Kilikuwa kile kiti cha baba yake. Mgongo wake ulijua cha kufanya mtu akija na pesa: husimami, hucheki, hutazami. Akapiga yaliyo nyuma ya karatasi kwa kichwa, macho kwenye ukurasa uliokwisha. Kijora kikafika. Jukwaa lilikuwa la usawa wa kiuno. Bi Sihaba aliinama, akaiweka pesa kando ya kiatu chake polepole kama mtu anayelaza mtoto. Ilham alisikia manukato ya udi. Akafika kwenye noti ya juu, ile ambayo mpigo wote unaiendea, na mkono wake, uliokuwa umeshasahau kabisa uko bara gani, ukaanzia chini ukapanda taratibu, ukanyanyua pazia.

"Ahaaa!" akasema Bi Sihaba, ukumbi mzima ukamsikia. Akageuka, akaondoka akicheza mpaka mikononi mwa walinzi.

Okestra ikaingia. Viola zote ziliingia sawasawa isipokuwa moja, ya Mwalimu Liang, iliyochelewa kidogo.

Ilham alipiga hadi mwisho. Makofi yalikuwa mengi, na hakujua wanampigia nani.

Nyuma ya jukwaa meneja alikuwa anamsubiri, mwanamama mwembamba mwenye redio ya mkononi.

"Yule mama. Wafanyakazi wangu wanasema alikuja kwako. Unamfahamu?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Ukumbi una watu wengi, na mwendawazimu mmoja hapungui. Safu ya viola ilikuwa inapita, watu wanapunguza mwendo ili wasikie.

"Ni shangazi yangu," akasema. "Kwetu, mtu akipendezwa, anafanya vile."

Meneja alimtazama, akaandika kitu kwenye simu, akaondoka. Safu ikaingia chumba cha mazoezi na kufunga mlango. Ilham akabaki kwenye korido na viola yake kwenye sanduku, anaangalia kufuli ya sanduku kana kwamba hajawahi kuona kufuli. Ndani sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Kuna aliyecheka. Kicheko kwenye kura ni kibaya au kizuri? Alikuwa hajui. Alifikiria magauni ya Shahe, namna yanavyokunjwa, mikono ndani kwanza.

Mlango ukafunguka. Akatoka Mwalimu Liang peke yake, uso umerudi mahali pake.

"Kiti ni chako."

Ilham alifungua mdomo. Yeye akanyanyua kidole.

"Mimi nimekupigia hapana."

"Niliteleza, mwalimu."

"Uliteleza. Kwenye noti ya juu, mbele ya mji mzima. Na mimi sikugeuza karatasi. Wenzangu wanasema mtu anayebaki bila karatasi, na mwanamke anamchezea miguuni, na asikatike, huyo wanamtaka akae mbele yao. Hiyo ni hoja yao. Mimi bado naisikia ile noti. Jumanne saa tatu asubuhi tunaanza nayo."

"Sawa, mwalimu."

Akatoa mfukoni ile noti ya yuani mia, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota chura. "Haturuhusiwi kupokea zawadi. Hii mrudishie."

"Hairudi, mwalimu. Na si yangu. Ni ya kundi zima, ndivyo ilivyo kwetu."

Mwalimu Liang aliitazama pesa, akautazama mlango ambao nyuma yake safu nzima ilikuwa inapiga kelele. Akaingia nayo ndani.

Bi Sihaba alikuwa kwenye chumba cha walinzi, amepewa kikombe cha maji ya moto na anauliza majani ya chai yako wapi. Mzee Gharib alikuwa ubavuni, kichwa chini.

"Baba, ulisema utamshika."

"Nilikuwa nimefumba macho, mwanangu," akasema Mzee Gharib. "Nilikuwa nakusikiliza."

Ilham akaweka sanduku chini, akaketi karibu naye.

"Haya, wamekupa?" akauliza Bi Sihaba.

"Wamenipa."

"Si unaona! Na yule mzee mwenye uso kama ukuta, aliyekaa karibu yako, naye kakuunga mkono?"

"Kanikataa."

Bi Sihaba aliweka kikombe chini. Akafungua mkoba, akahesabu kwa macho kilichobaki, akaufunga.

"Basi onyesho lijalo," akasema, "namtunza yeye."