Nilisaini Kuwa Chumba cha Maiti Kimepoa

Admin, kabla hujaweka maneno haya kwenye ukurasa wako, nakuomba sana uondoe jina langu na picha yangu. Nanyi mnaosoma, someni kimyakimya, msimwonyeshe aliye jirani. Huku kwetu, Kasulu hadi Kibondo, watu tunajuana. Neno moja likitoka, nimekwisha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na ni karani katika hospitali ambayo sitaitaja. Kwetu mwenye ajira ni mimi peke yangu. Majina yote hapa nimeyabadilisha.

Mashine ya kupoza chumba cha maiti iliharibika. Mafundi wenye vyeti walikuwa Kigoma mjini, wakatuambia tusubiri wiki mbili. Katibu wa hospitali akakataa. "Si yupo Deo?" akasema. "Ndiye aliyetengeneza friji la soda la mke wangu, mpaka leo soda zinauma meno kwa baridi." Deo, fundi wa mtaani asiye na cheti, akaja na bodaboda, begi moja mgongoni, na kabla ya saa sita mchana akasema amemaliza.

Fomu ya kupokea kazi ilipaswa kusainiwa na mhudumu wa chumba kile, Mzee Yona, lakini yeye hasomi vizuri, kwa hiyo katibu akanipa mimi. Iliandikwa: nimeingia, nimekagua, nimepima joto. Sasa niwaambie ukweli, mimi naogopa maiti tangu utoto. Nilisimama mlangoni nikauliza, "Imeshapoa?"

Deo akacheka. "Ingia ushike ukuta mwenyewe, dada. Hakuna wa kukung'ata humu." Kisha akanionyesha taa ya kijani juu ya mlango. "Hii ikiwaka, ujue mashine inafanya kazi. Saini niondoke, nina njaa."

Niliegemeza karatasi ukutani, nikaandika nyuzi joto nne, nikasaini.

Ijumaa ya wiki iliyofuata aliletwa mzee mmoja kutoka Kumsenga. Alianguka shambani akipalilia maharage, na daktari akasema ni moyo. Mkewe, Mama Editha, aliomba mwili ukae mpaka Jumatatu ili kijana wao afike kutoka Dar es Salaam amwone baba yake usoni. Alinikabidhi dirishani shati la kumvalisha. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe na kulikunja ndani ya kanga. "Hili alilipenda," akaniambia.

Jumamosi na Jumapili Mzee Yona alipita, akaona taa inawaka, hakufungua. Jumatatu asubuhi alifungua, akatoka, akaja kuketi chini mbele ya ofisi yangu. Mashine ilikuwa imezima, pengine tangu Ijumaa ileile. Deo alikuwa ameunganisha ile taa moja kwa moja na umeme wa jengo, hivyo iliwaka hata mashine ikiwa imekufa. Alipopigiwa simu alijibu, "Mimi kazi yangu niliikabidhi, na ninyi mkasaini."

Mwili ule haukuweza kuonyeshwa kwa mtu. Wala kuvalishwa haukuweza. Naomba niishie hapo.

Familia ilikuwa imeshafika nje, na wanakwaya wameanza kuimba. Katibu akafunga mlango. "Binti, piga barua. Andika ugonjwa wa kuambukiza, sanduku halifunguliwi."

"Lakini bosi, si alikufa kwa moyo?"

Akanisogezea ile fomu. "Saini hii ni ya nani?"

Nikapiga barua, nikagonga muhuri. Na kwa kuwa Mama Editha anaelewa Kiha kuliko Kiswahili, mimi ndiye niliyetumwa kumweleza. Nilimdanganya kwa lugha niliyofundishwa na mama yangu. Akanishika mkono. "Mwana wanje, mwanangu, uso tu. Wamfunue uso tu, mimi nitasimama mbali." Nikasema haiwezekani. Kijana wake, akiwa bado na vumbi la safari, akauliza ni ugonjwa gani. Nikamwonyesha barua yenye muhuri.

Kwaya ilinyamaza. Mzee Yona alikwenda mazikoni, ndiye aliyenisimulia. Waliobeba sanduku walilishusha harakaharaka kwa kamba wakakimbilia maji ya dawa. Hakuna aliyekula chakula cha msiba. Tangu hapo Mama Editha anakaa na ndizi zake sokoni mpaka zinaiva na kuoza. Kanisani benchi analokalia huwa lake peke yake. Mjukuu wake amerudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Sasa anakuja hospitali kila Jumatatu. Anataka karatasi inayosema ugonjwa wenyewe, ajue kama na yeye atakufa. Husimama hatua kama tano kutoka dirishani kwangu na kuongea kwa sauti ya juu. Siku moja nilimwambia asogee. Akasema, "Hapana, wewe bado kijana, nitakuambukiza." Katibu amenielekeza nimjibu arudi wiki ijayo. Ndivyo ninavyomjibu.

Wiki iliyopita Deo aliitwa tena, safari hii kufunga kiyoyozi ofisini kwa katibu. Aliponiona akapaza sauti, "Dada wa fomu! Kalamu ina wino?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka.

Ndugu zangu, nikisema, kazi sina na huenda nikafikishwa mahakamani, maana saini ni yangu. Nikinyamaza, yule mama atazeeka akikimbiwa kwa ugonjwa ambao haupo. Nipeni njia, mimi nimeikosa.

Andikeni chini ya chapisho hili, nitasoma kupitia simu ya rafiki. Admin, usinitumie ujumbe saa za kazi. Na kama wewe ni yule kijana uliyetoka Dar es Salaam, usiandike hapa mbele ya watu. Mwandikie admin faragha, umtajie rangi ya shati ambalo mama yako alileta la kumvalisha baba yako, naye atanifikishia. Nitajua ni wewe. Liko kwenye droo yangu, bado limekunjwa ndani ya kanga ya mama yako.