Kura ya Nduku Huko Uingereza

Ndugu zangu, leo tumemcheka Mama Nduku huku tukinywa chai yake.

Alituita majirani, hapa Kathiani, tumshauri bintiye anayefanya kazi Uingereza achague chama kipi kwenye uchaguzi wao, maana Wakenya waishio huko huruhusiwa kupiga kura. Tulibishana hadi vikombe vikatikisika. (Sisi tusio na kura!)

Mama alitaka jambo moja tu: chama kitakachomruhusu Musyoka, kitinda mimba wake, amfuate dadake. Pasipoti yake mpya ilikuwa mezani.

Akampigia bintiye simu, akaweka spika.

"Mwaitu, mama yangu, nilishapiga kura asubuhi. Nimewapa wanaotaka kuwazuia wageni."

"Na Musyoka?"

"Mimi nilishaingia, mwaitu."

"Huyo sasa ni Mwingereza kamili!" akasema Mzee Kioko.

Tukaangua kicheko. Mama akaichukua ile pasipoti, akapangusa chai tuliyoimwagia.

Niambieni kama ninyi msingecheka.