Muuguzi wa Chumba cha Mvuke

Kila asubuhi muuguzi wa chumba cha mvuke hospitalini alikipasha moto kwapani mwake kipimo cha kusikilizia kifua kabla ya kumgusa mtoto, kisha akalitazama shimo la koo, linavyobonyea kila pumzi inapovutwa. Vidole vyake vilichubuka kwa kuosha barakoa za kuvutia mvuke wa dawa. Ukutani aliandika kwa chaki idadi ya wenye pumu na vikohozi. Moshi wa mashamba yaliyochomwa na matanuri ya matofali ulipolifunika jiji la Lahore, idadi ilitoka kumi na wanane kwa siku ikafika sitini. Mmoja wao alikuwa Mahnoor, bintiye Shagufta; mtoto huyo alishindwa kusema maneno matatu bila kutweta. "Vuta, malkia wangu, kama unanusa pilau ya jirani," muuguzi alimwambia, kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi uleule. Shagufta hakuwahi kumwona ameketi.

Siku ya kumi na mbili ya moshi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hadi adhuhuri walikuwa wamekuja wagonjwa saba tu. Muuguzi alikisikiliza kifua cha Mahnoor mbele na nyuma, akarudia, ndipo akasema, "Dada, filimbi ya kifuani imekwisha. Mpeleke nyumbani." Shagufta alitokwa na machozi. Muuguzi akafungua dirisha, harufu ya udongo uliolowa ikaingia, akaketi kwenye benchi "nusu dakika tu," usingizi ukamchukua hapohapo.

"Mama, sikia, shangazi muuguzi anakoroma kumshinda baba!" alisema Mahnoor kwa pumzi moja.

"Shh! Mwache," alijibu Shagufta huku akicheka, akamfunika muuguzi kwa shali yake.