Plasta Kwenye Aproni

Beatha, muuguzi wa Magamba, alikuwa na tabia iliyowachekesha wenzake: kila dawa aliyochoma aliiandika kwanza kwenye kipande cha plasta alichobandika kwenye aproni, ndipo aihamishie kwenye faili. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusahau hata moja.

Jumatatu ile alimsindikiza Mzee Tobia, mkulima wa kijiji jirani cha Malindi mwenye nimonia na figo dhaifu, kwenda hospitali kubwa huko chini. Barua ya rufaa, iliyotaja dozi moja ndogo ya usingizi aliyopewa kabla ya safari, ilishafungwa. Kwenye kona za kushukia Mombo mzee akaanza kupigana na mpira wa hewa uliokuwa kooni. Beatha, roho mkononi, akamchoma dawa ya usingizi mara tano, akaandika zote kwenye plasta. Walipofika, Beatha kichwa kilikuwa kinamzunguka. Akakabidhi mgonjwa na barua, akageuza na gari lile lile.

Jumanne, akiwa anafua aproni, akaiona plasta, bado haijahamishiwa popote. Mara tano! Akaona haya kupiga simu na kujitangaza mzembe. Dawa itakuwa imeshaisha mwilini, akajidanganya, akaitupa jikoni, motoni.

Alhamisi mchana akapigiwa na Yunis, mke wa mzee.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mzee haamki, hata akifinywa hashtuki. Wanasema huenda ubongo umeharibika. Nimepanda huku nyumbani kuwachukua watoto, kesho tunaitwa wote kuhusu kuzima mashine anayopumulia.”

Beatha akakaa chini palepale sakafuni. Mwoga mkubwa! Akampigia daktari wa chumba cha mahututi, akamtajia dozi zote, moja moja.

“Barua inasema dozi moja ndogo,” daktari akasema. “Kwa figo zile, dawa bado imo. Kwa nini hukusema?”

“Niliona haya, daktari.”

“Basi hatuzimi kitu. Tunasubiri.”

Jumapili Mzee Tobia akafumbua macho.

Wiki tatu baadaye Yunis akaja Magamba na kikapu cha peasi. “Daktari kaniambia simu yako ndiyo iliyomwokoa mzee wangu.”

Beatha angeweza kupokea na kushukuru.

“Mama, mimi ndiye niliyemlaza kwa sindano zangu. Nilijua tangu Jumanne, nikanyamaza.”

Yunis akakiweka kikapu mezani.

“Ile Alhamisi,” akasema taratibu, “nilikupigia huku nanyoosha suti yake ya kuzikiwa.”

Akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Kikapu alikiacha mezani, na mpaka zamu inaisha Beatha hakuthubutu kukigusa.