Amina Waliyoikataa Usinge

Niliondoka Tabora nikiwa na hasira na watu ambao sikuwahi kuwaona. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, na Mchungaji wetu alikuwa amerudi amenuna kutoka kijiji kipya cha ujamaa karibu na Usinge. Alitutangazia ibadani kwamba alikwenda kukibariki kijiji kile mbele ya viongozi wa wilaya, na alipomaliza kuomba hakuna hata mtu mmoja aliyeitikia Amina. Alirudia maneno ya mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Walikaa kimya wakimtazama. Kwa kosa hilo aliwafungia Meza ya Bwana mpaka watubu.

Mimi nilikuwa mjane ninayekaa mtaa wa Ipuli, kiongozi wa akina mama wa usharika. Baada ya ibada aliniita.

"Mama Raheli, nenda ukawafundishe wale wanawake kusali. Wao ndio walioanza, wanaume wakafuata."

Nilikubali pale pale. Nilijiuliza ni Mkristo gani huyo anayekataa kumwitikia Mungu.

Ijumaa nilipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu, na kapu langu miguuni. Tulipita Usoke, tukapita Urambo, misitu ya miombo ikiwa imeanza kuchipua majani mekundu ya mwanzo wa masika. Babu yangu mzaa mama aliipita njia hiyo kwa miguu, pembe ya ndovu begani, akitokea Ujiji. Alitusimulia kwamba mpagazi hakuulizwa kama amechoka, aliambiwa aimbe. Nilikaa dirishani nikipanga mafundisho yangu: kwanza unyenyekevu, kisha utii, kisha shukrani. Kaliua mvua ilianza kunyesha, na tulifunga madirisha yaliyokubali kufungwa.

Stesheni ya Usinge nilipokelewa na mwinjilisti wa kijiji kile, kijana mrefu aitwaye Zakaria, pamoja na mkewe Tabitha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Tabitha alilichukua kapu langu na kujitwika bila kusema neno jingine. Njiani kila tuliyekutana naye alitusalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," kwa heshima zote, nami nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na wakaidi.

Kijiji kilikuwa mistari miwili ya nyumba iliyonyooka sana. Nyumba nyingi zilikuwa na kuta bila paa. Watu walilala chini ya majani waliyoegemeza kwenye miti. Katikati palikuwa na shule mpya, imeezekwa kwa bati, na watoto wakisoma kwa sauti ndani yake. Kanisa lilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta.

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na uyoga. Nilipoona tumeshiba nilisema nimekuja kwa ajili ya ile Amina, na ningependa kujua nani aliyewashauri wanyamaze.

"Hakuna aliyetushauri, mama," Zakaria alisema. "Kila mtu alinyamaza peke yake."

"Basi mnaupinga ujamaa?"

Tabitha ndiye aliyenijibu. "Hatuupingi. Shule tumeiomba miaka mingi. Lakini hatukuja kwa furaha. Siku ya kuhama mgambo walipanda juu ya nyumba zetu wakaondoa paa ili tusirudi. Mama yangu alikuwa kitandani, hawezi kusimama. Walimtoa nje na kitanda chake wakamweka uwanjani angoje lori. Lori halikuja. Mvua ikaja. Tulimfunika kwa ngozi na kwa khanga zetu, lakini ilikuwa mvua kubwa. Kifua kilimbana, na tulipofika hapa hakukaa hata wiki."

 Niliuliza kama Mchungaji alijua.

"Nilimwambia mwenyewe asubuhi alipofika," Zakaria alisema. "Nilimwomba apite kaburini, aseme hata maneno mawili. Akasema, nitapita. Akabariki kijiji, akala kuku pamoja na wageni, akapanda Landrova akaenda zake. Na katika sala alisema: Bwana, tunakushukuru kwa watu hawa waliohamia hapa kwa hiari na kwa furaha."

"Mungu alikuwepo uwanjani siku ile," Tabitha alisema. "Alimwona mama. Sasa tumwitikie Amina kwa neno ambalo yeye mwenyewe anajua si kweli?"

Hasira niliyotoka nayo Tabora haikuisha. Iligeuka tu, ikaelekea nilikotoka. Nilikuwa nimetumwa safari yote ile nimkaripie mtu aliyefiwa, na aliyenituma alijua.

Jumapili banda lilijaa, hata waliokosa nafasi walisimama nje kwenye umande. Zakaria alinikaribisha nifundishe. Nilisimama nikawaambia kwamba sina la kufundisha, ila namwomba Tabitha atuongoze katika sala. Alisita, akamtazama mumewe, kisha akaja mbele. Hakufumba macho. Aliomba taratibu kama mtu anayezungumza na jirani:

"Bwana, tupo hapa. Hatukuja wenyewe, tuliletwa. Mama yangu alinyeshewa ukimwona, nasi tumemzika katika ardhi tusiyoizoea, mtunze. Wabariki watoto waliopata shule. Wabariki wale vijana waliopanda juu ya nyumba zetu, maana mmoja wao alikuwa analia. Tuoteshee mihogo yetu. Na utupe moyo wa kukaa hapa, kwa sababu bado hatuna."

Amina iliyotoka pale niliisikia mpaka kwenye nyayo. Baadaye tulikwenda wote kaburini, tukaimba, na nilitamka baraka kadiri nilivyojua.

Nilipofika Tabora sikupita hata nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji, nikamkuta barazani anakunywa chai.

"Wamejifunza?" aliniuliza.

"Wanajua kusali, Mchungaji. Wanakataa kumdanganya Mungu. Kwa nini hukuniambia habari za yule marehemu?"

Aliweka kikombe chini. "Unajua wakati tulio nao, Mama Raheli. Viongozi walikuwa wamekaa mbele yangu. Ulitaka niseme nini?"

"Ungenyamaza. Na kaburini ungefika kwa miguu; si mbali."

Alikichukua tena kikombe chake, akasema kwamba akina mama watatafutiwa kiongozi mwingine. Nilimwambia ni sawa.

Jumapili ya Meza ya Bwana wenzangu waliinuka kwenda mbele. Mimi nilibaki kwenye benchi. Nilikuwa nimewaeleza akina mama wachache yaliyotokea, na sikumwomba yeyote afanye lolote. Lakini aliyeinuka karibu nami alikaa tena. Wa nyuma yake naye akakaa. Mchungaji alisimama na kikombe mkononi akiutazama upande wetu wote uliobaki umekaa. Tulifanya hivyo mpaka alipopanda treni mwenyewe kwenda Usinge.

Zakaria alinieleza baadaye kwamba Mchungaji alikwenda kaburini, akapiga magoti kwenye matope, akaomba muda mrefu bila kumtaja kiongozi yeyote. Watu wakaitikia. Akawafungulia Meza. Hayo nayasema kwa sababu ni haki yake.

Ila aliporudi alisimama madhabahuni akatutangazia kwamba watu wa Usinge wametubu, naye amewasamehe. Alisema hivyo bila aibu, na usharika mzima ukafurahi. Nilitoka nje kabla ya baraka ya mwisho. Miaka imepita, Mchungaji yule ameshatangulia mbele za haki, na kila nikilikumbuka tangazo lile damu yangu bado inachemka.

Mpaka leo watu huniita kuombea nyumba mpya, watoto wachanga, wagonjwa. Nikifika sianzi na sala. Naomba kiti, nakaa, nawauliza wenyeji hapa pametokea nini, na ninasikiliza mpaka wamalize. Wengine huniona nachelewesha shughuli, na chakula kinapoa. Nawaacha waone hivyo.