Mwalimu Pekee Niliye Naye ni Baba Mkwe, na Siruhusiwi Kuketi Naye

Barua hii imetufikia ukurasani kutoka nchi ya Wakisii. Jina la mwandishi na kijiji chake tumevifunika kwa ombi lake. Wasomaji, msome hadi mwisho kabla ya kuhukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka mitatu. Tunakaa ng'ambo ya Mosocho. Nilizaliwa kwa Wasabato, nikasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, ndiyo maana barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nilisilimu nilipoolewa. Watu husema nilifuata mume, na mwanzoni ilikuwa hivyo, siwadanganyi. Baadaye niliipenda dini yenyewe, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mtu akipenda kitu hutaka kukijua.

Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Ndiye aliyenifundisha Alhamdu na namna ya kusali. Niliwahi kwenda Kisii mjini kuomba kusoma Kurani chuoni. Mwalimu wa pale akaniambia kwa upole kwamba anafundisha wavulana tu, mke wa mtu akasome kwa mumewe. Nikarudi kwa miguu yangu kwa mume ambaye hayupo.

Hapa nyumbani yuko mtu anayeijua Kurani, naye ni baba mkwe. Alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya Wazungu, vilipoisha akabaki Mombasa miaka saba, akarudi na msahafu. Nyumba yake haifiki hatua thelathini kutoka kwangu. Lakini sisi Wakisii tuna ensoni, yaani haya baina ya wakwe. Siingii kwake, haingii kwangu, na hatusemezani bila mtu wa katikati. Wazee wanasema anayeivunja huwaletea watoto maradhi. Dini inamhesabu baba mkwe kama baba mzazi, haikatazi niketi naye. Ila dini ilipofika huku iliwakuta watu wana lao.

Siku moja nilikuwa nasaga wimbi uani huku nasoma Alhamdu kwa sauti. Mama mkwe akanijia, hajui aangalie wapi, akasema mzee ndani anauliza aya ya tano nimeiacha wapi. Kumbe mume wangu haijui! Nilisali miaka miwili na pengo katikati. Nililia, kisha nikacheka, maana huyo mume alikuwa akinigombeza kila nilipokosea.

Njia aliitengeneza mama mkwe. Yeye hakusilimu, Jumamosi alikwenda kanisani kwake mpaka kufa, lakini aliweka kigoda mlangoni akaketi kati yetu. Mzee aliandika herufi kwenye ubao kule ndani, mama akanipa mimi nje chini ya upenu. Nikikosea, mzee alimwambia mkewe, "Mwambie airudie," nami nimekwisha kusikia, lakini nilingoja mpaka niambiwe. Tulichekesha, najua. Kwa mwaka mmoja na nusu nilijifunza kuunganisha herufi na nikaanza kusoma sura fupi fupi mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Nilimwomba mke wa shemeji akae pale mlangoni badala yake. Alikataa, tena akampelekea mume wangu habari. Alipokuja, nilidhani atazungumzia ensoni. La kwanza aliloniuliza ni nani aliyenena kwamba yeye hajui Alhamdu. Hapo nikaelewa kinachomuuma. Mbele ya ndugu zake akasema, "Ukiushika ule ubao tena, urudi kwenu. Mtoto atabaki."

Na anaweza. Kwetu ng'ombe wakishatolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba, hakuna baraza litakalonipa. Wazazi wangu nao wamesema watanipokea nikirudi kanisani. Kila upande kuna mlango, na kila mlango una mtu ameshika komeo. Nina hasira, wasomaji, hasira ambayo sina wa kumwonyesha, basi naimalizia kwenye magugu.

Sasa mzee ameingiwa na mtoto wa jicho. Wiki iliyopita nilimpelekea ugali, nikakohoa kama desturi, nikauweka mlangoni nikageuka. Akanisemesha mwenyewe, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mama, usiende. Jicho moja limekwisha, na hili linaniaga. Ingia uketi hapa, nikuwekee kidole kwenye herufi nikiwa bado naziona."

Mke wa shemeji alikuwa anapalilia karibu, jembe lake limesimama. Niliondoka mbio, nikamwacha mzee wa watu anasema na mlango. Mkidhani sioni aibu kwa jambo hilo, hamjanijua.

Binti yangu ndiye pumzi yangu, siwezi kumwacha alelewe na wengine. Lakini najua pia kwamba mzee huyu akipofuka, huku kwetu hakuna mwingine wa kunifundisha, na mimi nimeishia njiani. Nikisali naona aibu. Nikimtazama mtoto naona hofu. Hata sijui ni lipi nitaulizwa mbele ya Mungu, kwamba niliiacha elimu au kwamba nilimwacha mtoto.

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa, maji yakaingia mpaka ndani kwa mzee, na mlango hakuufunga. Ndugu zangu, nipeni shauri. Ila msiniambie ningoje, macho yake hayangoji.